Amaan Haikuwa Ugenini: Kisa cha Fainali ya Simba na Berkane

Dai lenyewe ni fupi. Simba ilikosa Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2025 kwa sababu CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliitoa fainali Dar es Salaam ikaileta Unguja. Limesemwa barazani, limesemwa kwenye boti, limesemwa redioni na watu wanaolipwa kusema. Mimi ni Simba tangu sijajua kuandika jina langu, na ni mtu wa Unguja, kwa hiyo dai hili linanikera mara mbili. Linaifunika timu yangu pale ilipokosea, na linakifanya kisiwa changu kionekane kama gereza alilopelekwa Mnyama akamalizie kifungo.

Kwanza yaliyotokea. Fainali ilikuwa ya mikondo miwili. Mkondo wa kwanza ulichezwa Morocco tarehe 17 Mei 2025, na RS Berkane wakashinda 2-0. Marudiano yalikuwa tarehe 25 Mei. Simba walitaka wacheze Uwanja wa Benjamin Mkapa, watu 60,000, nyumbani kwao walikozoea. CAF ikasema sehemu ya kuchezea ya Mkapa haifai, mvua za masika zimeiharibu, mechi ihamie Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Simba walipinga, viongozi wa michezo serikalini wakahangaika, CAF hawakurudi nyuma. Amaan ikajaa. Joshua Mutale akafunga dakika ya 17. Mapema kipindi cha pili Yusuph Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu. Steven Mukwala akatia wavuni mpira ambao VAR, yaani waamuzi wa video, wakaukataa kwa kuotea. Dakika za nyongeza, Soumaïla Sidibé akasawazisha. Matokeo 1-1, jumla 3-1, kombe likapanda ndege kwenda Morocco.

Sasa tuanze na hoja nzito ya wanaolalamika, maana wengi wanaowajibu huikwepa. Robo fainali Simba walifungwa na Al Masry 2-0 kule Misri. Deni lilelile, mabao yaleyale. Wakarudi Kwa Mkapa tarehe 9 Aprili, watu wamejaa hadi ngazini, wakarudisha mawili na kushinda mikwaju ya penalti 4-1. Basi mlalamikaji anakwambia: mara ya kwanza deni la mbili tulililipa Dar, mara ya pili tukanyimwa Dar tukashindwa kulilipa, unataka ushahidi gani zaidi? Ndiyo maana ya ule msemo wetu, Kwa Mkapa hatoki mtu.

Hoja hiyo ina nguvu na sitaki kuipuuza. Lakini iweke mechi mbili hizo kando kwa kando, uzitazame kwa dakika. Dhidi ya Al Masry mabao ya Elie Mpanzu na Mukwala yaliingia yote kipindi cha kwanza. La kwanza lilikuja baada ya dakika ya 20. Amaan, bao la Mutale lilikuja dakika ya 17. Maana yake ni kwamba katika kipande kile ambacho kelele za mashabiki hufanya kazi yake, yaani pale wageni wanapoingia na miguu mizito na mwenyeji anashambulia kwa pumzi mpya, Amaan ilitoa matunda mapema kuliko Mkapa. Kama uwanja ulikuwa umepooza, Berkane walitetemeshwa na nani? Siku ile niliwaona watu wazima waliokuja na kanzu zao nyeupe wakiwa wamesimama juu ya viti. Uwanja haukupooza.

Kilichotofautiana kilitokea baada ya mapumziko. Simba walioivaa Al Masry walikwenda mapumziko deni limekwisha, wakamaliza wakiwa kumi na moja. Simba walioivaa Berkane walikwenda mapumziko wanadaiwa moja, wakarudi, na mara wakawa kumi. Kagoma ni kiungo mkabaji. Siku timu inapolazimika kupanda yote kwenda kutafuta bao, mkabaji ndiye anayebaki kuuzuia mlango, na ndiye mtu wa mwisho unayetaka akose. Aliyempa kadi hakuwa shabiki wala sehemu ya kuchezea. Ukiniuliza dakika ipi kombe liliteleza pale Unguja, nitakuonyesha hiyo. Lakini hata hiyo siyo dakika mbaya kuliko zote katika fainali ile.

Dakika mbaya zaidi zilikuwa kumi na nne, na zilichezwa Morocco.

Mamadou Camara alifunga dakika ya 8. Oussama Lamlaoui akaongeza dakika ya 14. Yaani shabiki aliyechelewa kumaliza sala akawasha televisheni yake, alikuta fainali imekwisha nusu. Baada ya hapo Simba walitulia, wakakaa vizuri, hawakufungwa tena kwa dakika zaidi ya sabini. Hilo ndilo linaloniuma. Timu ile ilikuwa na uwezo wa kuwazuia Berkane kwao, na ilionyesha hivyo kwa sehemu kubwa ya mchezo, lakini iliingia kiwanjani robo saa baada ya mpira kuanza. Kocha Fadlu Davids alisifiwa mno msimu ule, na alistahili, maana kuipeleka fainali timu iliyokuwa inajengwa upya si kazi ndogo. Lakini kama kuna swali moja la kumuuliza, ni la zile dakika kumi na nne. Sijasikia mtu akiliuliza kwa sauti. Wote walikuwa wamekwisha kupata wa kumlaumu, na huyo alikuwa amekaa katikati ya bahari, hana msemaji.

Tena tuwatazame hao Berkane. Huku wengi waliwachukua kama timu ya mji mdogo tu, mji wa machungwa, ambao hata jezi yao ni ya rangi hiyo. Ni kweli mji ni mdogo, na uwanja wao wa manispaa ukiuweka ndani ya Mkapa utapwaya. Lakini timu hiyo ilicheza fainali ya kombe hili mwaka 2019, ikalichukua mwaka 2020, ikalichukua tena 2022, ikafika fainali 2024, na ikarudi tena 2025. Msimu huohuo ikatwaa ubingwa wa ligi ya Morocco kwa mara ya kwanza katika historia yake. Fainali tano ndani ya misimu saba. Simba fainali yao ya Afrika iliyotangulia ilikuwa mwaka 1993. Mmoja alikuwa anakwenda kazini kama kawaida, mwengine alikuwa anakwenda harusini.

Na hiyo ya 1993 ina somo lake kwa wanaoamini kwamba Dar es Salaam peke yake ingetosha. Simba walicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan. Mkondo wa kwanza kule Ivory Coast wakatoka 0-0, matokeo ambayo timu yoyote ingeyapokea kwa mikono miwili. Wakarudi Dar, nchi nzima imesimama, na wakafungwa 2-0 mbele ya watu wao. Wazee wa Simba wa hapa mjini wakifika sehemu hiyo ya hadithi hubadilisha mazungumzo wakauliza bei ya samaki.

Watani nao wasicheke sana. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya kombe hilihili la Shirikisho. Mkondo wa kwanza ulikuwa Kwa Mkapa, tarehe 28 Mei, na nyomi ya siku ile ilikuwa kubwa hata msongamano getini ukaua mtu, Mungu amrehemu. Yanga wakafungwa 2-1 na USM Alger. Wakasafiri hadi Algiers, ambako kila mtu alisema watachinjwa, wakashinda 1-0, jumla ikawa 2-2, na kombe wakalikosa kwa kanuni ya bao la ugenini, maana Alger walifunga mengi zaidi nje ya kwao. Kwa hiyo klabu zetu mbili zimekosa makombe mawili ya Afrika kwa kufungwa Dar es Salaam, uwanja umefurika. Sijapata kusikia mtu akisema Dar es Salaam ina nuksi.

Kuna na hili la Januari 2025, ambalo Simba wenzangu hawapendi kukumbushwa. Baada ya vurugu za mechi na CS Sfaxien mwezi Disemba, viti vikang'olewa pale Mkapa, CAF iliamuru Simba icheze na CS Constantine bila shabiki hata mmoja. Tarehe 19 Januari milango ikafungwa, majukwaa matupu, unasikia makocha wanavyogombeza. Simba wakashinda 2-0. Matokeo yaleyale ambayo yangewafikisha kwenye penalti dhidi ya Berkane, waliyapata bila mtu wa kupiga tarumbeta. Anayesema kwamba watu 60,000 ndio wanaofunga mabao anieleze Januari ile nani alifunga.

Hata hivyo hasara ilikuwepo, na lazima niiseme. Amaan baada ya ukarabati mkubwa uliomalizika Disemba 2023 ni uwanja mzuri, viti vyote, taa nzuri, lakini unachukua watu wapatao 15,000. Ukitoka kwenye 60,000 ukaenda 15,000, robo tatu ya watu wako wamebaki nje. Mtu wa Temeke ambaye angekwenda Mkapa kwa miguu alitakiwa atafute nauli ya boti, atafute pa kulala, atafute tiketi ambayo kwa uchache wake ilikuwa kama ya kwenda Hija. Klabu nayo ilipoteza mapato ya mlangoni ambayo kwa fainali ya Afrika hayaji kila mwaka. Malalamiko ya mkoba nayakubali yote. Na CAF kuhamisha fainali siku chache kabla, watu wamekwisha kupanga safari zao, ni uendeshaji wa ovyo. Nyasi za Mkapa hazikuanza kulalamikiwa wiki ile, tangu mwezi Machi CAF walikuwa wamekwisha kuuonyesha uwanja huo kidole. Kama walijua, wangesema kabla mkondo wa kwanza haujafikiwa. Na wenye uwanja nao, mvua za masika huja kila mwaka kuanzia Machi mpaka Mei, wala hazijapata kuja kwa kushtukiza.

Hapo ndipo lawama ingetua, kwa waliotakiwa kuutunza Mkapa. Badala yake ikavuka bahari.

Mbona nusu fainali ilichezwa hapahapa na hakuna aliyelia? Tarehe 20 Aprili Simba waliwapokea Stellenbosch wa Afrika Kusini Amaan, Jean Charles Ahoua akapiga mpira wa adhabu ukaingia, 1-0, na bao hilo moja ndilo lililowapeleka fainali, maana marudiano yalikuwa 0-0. Jioni ile, kuanzia Michenzani hadi Darajani huwezi kupita, pikipiki, vuvuzela, watoto wamejipaka nyekundu. Amaan ilikuwa machinjio, iliitwa ngome, iliitwa baraka. Wiki tano baadaye uwanja uleule, milingoti ileile, ukawa ugenini. Na hao Stellenbosch, wenyeji wa upande wa Cape Town, marudiano yao "ya nyumbani" waliyacheza Durban, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao. Kama kuhamishwa uwanja ni dhuluma inayobatilisha matokeo, basi Simba walifika fainali kwa dhuluma hiyohiyo. Kutoka Dar kuja Unguja ni mwendo wa saa mbili kwa boti, na ukifika unakuta nusu ya watu ni Simba na nusu nyengine ni Yanga, kama ilivyo kila mahali nchini.

Kuhusu VAR. Bao la Mukwala nimelirudia kulitazama mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye familia. Sheria ya kuotea haina huruma wala haijui nani mwenyeji. Sehemu yoyote ya kichwa, kiwiliwili au mguu inayoweza kufunga ikiwa mbele ya mpira na ya mpinzani wa pili kutoka mwisho, umeotea, na mikono haihesabiwi. Kila bao hukaguliwa na waamuzi wa video, iwe limeombwa au halikuombwa, kwa sababu bao lilikuwa moja ya mambo manne waliyoruhusiwa kuyaingilia mwaka ule, pamoja na penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja na mwamuzi kumwadhibu mchezaji mmoja kwa kosa la mwengine. Kwa hiyo hakukuwa na njama ya "kuita VAR". Ingetazamwa hata kama Berkane wote wangekaa kimya. Kinachoniudhi mimi kwenye VAR ya CAF ni kwamba watu waliolipia viti hawaambiwi kinachoendelea. Unasimama, unaomba dua, mwamuzi kashika sikio, halafu mkono unapanda na huelewi ni kisigino au ni bega. Siku hizi kwenye mashindano makubwa mwamuzi hutangaza uamuzi kwa kipaza sauti. Afrika nayo ingeiga hilo, ubishi wa barabarani ungepungua nusu.

Lakini hebu tulikubali bao lile kwa ajili ya hesabu tu. Simba 2-0, jumla 2-2. Kisha dakika za nyongeza Sidibé anafunga. Jumla inakuwa 3-2 na kombe linaondoka vilevile. Najua jibu lake, kwamba Simba wakiwa wamesawazisha wasingepanda hovyo na Sidibé asingepata nafasi. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba watu kumi waliokimbia tangu mwanzo wa kipindi cha pili wangechoka wakafungwa kabla ya hapo. Bao ambalo halikuwa halali siwezi kulijengea nyumba.

Mzee mmoja wa baraza letu, Yanga wa kufa, aliniuliza usiku ule: "Sheikh, kwani Amaan nchi gani?" Nilidhani ananitania. Alikuwa hatanii, na swali lake ndilo lililonifanya niiandike habari hii.

Tarehe 16 Machi 2017, katika mkutano mkuu wa CAF mjini Addis Ababa, Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama kamili, wa 55. Ulikuwa mkutano uleule uliomwangusha Issa Hayatou kwenye urais wa CAF na kumpandisha Ahmad Ahmad wa Madagascar. Hapa Unguja na Pemba watu walisherehekea, na tulikuwa na haki. Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji, la Afrika Mashariki na Kati, mwaka 1995, ina ligi yake, na vilabu vyake vinaingia mashindano ya Afrika kwa jina lake. Furaha haikufika miezi mitano. Julai mwaka huohuo CAF hiyohiyo ikafuta uanachama, ikasema Zanzibar si nchi, ni sehemu ya Tanzania, na nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Desemba ya mwaka ule Zanzibar Heroes wakaenda Kenya, wakafika fainali ya Chalenji, wakatoka 2-2 na wenyeji na kufungwa kwa penalti pale Machakos. Timu ya nchi isiyokuwa nchi ilikuwa imebakisha mikwaju michache iwe bingwa wa Afrika Mashariki na Kati.

Uamuzi ule sijaupenda mpaka leo. Gibraltar na Kosovo ziliingia FIFA mwaka 2016, Visiwa vya Faroe vimo tangu 1988, na Waingereza wana timu zao nne hawaulizwi kitu. Lakini tuseme tumeukubali. Basi tuukubali mpaka mwisho wake. Tukiomba uanachama tunaambiwa nyinyi ni Tanzania, rudini mkae chini ya Tanzania. Simba wakiletwa Amaan, ghafla Amaan si Tanzania tena, ni ugenini, Simba "wamecheza mechi mbili za nje". Mzee wa Yanga alikuwa na haki ya kuuliza. Haiwezekani tuwe ndani siku ya kunyimwa na tuwe nje siku ya kulaumiwa.

Na Amaan yenyewe haikuishia hapo. Agosti 2025 mashindano ya CHAN, ya timu za taifa za wachezaji wa ligi za ndani, yalipokuja Afrika Mashariki, kundi lenye Senegal, Nigeria, Kongo-Brazzaville na Sudan liliwekwa hapa, na hapa ndipo Sudan, timu ya nchi iliyo vitani, ilipowachapa Nigeria 4-0, kipigo ambacho hakuna aliyekitabiri. Wanigeria waliwalaumu wachezaji wao na kocha wao. Uwanja haukutajwa.

Kabla ya hapo, tarehe 29 Juni 2025, mwezi mmoja tu na siku chache baada ya Berkane kuondoka, Yanga walivuka bahari kuja kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, la hapa nchini, dhidi ya Singida Black Stars, palepale Amaan. Mwaka mmoja nyuma yake walikuwa wamelichukua kombe hilo palepale, kwa penalti, mbele ya Azam. Safari hii walishinda 2-0, wakapiga picha na kombe, wakapanda boti. Nilisikiliza vipindi vya michezo vya wiki nzima iliyofuata nikisubiri mtu aseme kwamba Yanga walipelekwa ugenini. Hakusema mtu.